Chanjo mpya za TB: wenye VVU wapimwe kinga, si usalama peke yake

Katika majaribio yote makubwa ya chanjo za kifua kikuu, ni moja tu lililowahi kuonyesha dalili ya wazi kwamba mtu mzima anayeishi na VVU anaweza kukingwa kwa chanjo. Lilifanyika Dar es Salaam, likaitwa DarDar, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Watu 2,013 wenye VVU, wote wakiwa na kovu la BCG, chanjo ya TB ya utotoni, na CD4 (seli za kinga ambazo VVU huziua) zisizopungua 200, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilichomwa dozi tano za chanjo iliyotengenezwa kwa bakteria waliouawa, Mycobacterium vaccae, ndugu wa mbali wa bakteria wa TB. Kundi la pili lilichomwa sindano isiyo na chanjo. Waliothibitika kuugua TB walikuwa 33 upande wa chanjo na 52 upande wa pili, upungufu wa asilimia 39.

Nimesema dalili, sikusema ushahidi kamili. Shabaha kuu ya jaribio lile ilikuwa TB iliyosambaa mwilini, ile inayoonekana kwenye damu, na wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wachache mno: 7 kwa 13. Kwa idadi hiyo huwezi kukata shauri. Lakini hata ukipunguza shangwe kwa kiasi hicho, yaliyofuata yanashangaza. Chanjo ile ilikuwa inaoteshwa kwa njia isiyofaa kiwandani, ikabidi itengenezwe upya kwa njia nyingine na kupewa jina la DAR-901. Miaka ikapita. Iliporudi kwenye jaribio la kati, ilijaribiwa kwa vijana wa Tanzania wasio na VVU, na swali likawa jingine kabisa: je, inazuia maambukizi? Jibu lililotoka mwaka 2020 lilikuwa hapana. Swali la kwanza, kama inawakinga watu wazima wenye VVU wasiugue, halijawahi kuulizwa tena kwa jaribio la ukubwa ule.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinafanana sana na hatari iliyo mbele yetu sasa. Zamani malalamiko yalikuwa kwamba watu wenye VVU wanaachwa nje ya majaribio ya chanjo. Siku hizi wanaingizwa, na tunapongezana. Ila wanaingizwa ili kujibu swali dogo: je, chanjo itawadhuru? Swali kubwa, kama itawakinga, linaachwa lijijibu lenyewe baadaye. Kwa TB, halitajijibu.

Tuangalie chanjo inayotazamwa zaidi kwa sasa, M72/AS01E. Jaribio lake la kati lilifanyika Kenya, Zambia na Afrika Kusini, kwa watu wazima 3,575 ambao tayari walikuwa na vijidudu vya TB vilivyolala mwilini. Baada ya miaka mitatu, waliougua TB ya mapafu walikuwa 13 kati ya waliochanjwa na 26 kati ya wasiochanjwa, yaani ufanisi wa karibu asilimia 50. Kwa ugonjwa ambao chanjo yake pekee, BCG, ilianza kutumika mwaka 1921 na haiwasaidii sana watu wazima, hiyo ilikuwa habari kubwa mno. Lakini wote waliosajiliwa hawakuwa na VVU. Na jaribio lilipohesabu wagonjwa wake, lilihesabu TB isiyohusiana na VVU: aliyeambukizwa VVU katikati ya ufuatiliaji kisha akaugua TB hakuingia kwenye hesabu kuu.

Kitaalamu uamuzi huo una mantiki yake. Unapotafuta ishara ya kwanza kwamba chanjo inafanya kazi, unapunguza kelele zote zinazoweza kuifunika ishara hiyo. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu unaanzia kwenye hatua inayofuata.

Jaribio la mwisho la M72 lilianza Machi 2024 Afrika Kusini, kisha likaenea Zambia, Malawi, Msumbiji, Kenya, Indonesia na Vietnam. Linaendeshwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya Gates, na fedha zake zinatoka kwa mashirika ya hisani ya Gates na Wellcome. Washiriki ni kama 20,000, na takriban 1,000 kati yao wanaishi na VVU. Kabla ya hapo lilifanyika jaribio dogo Afrika Kusini kwa watu wenye VVU wanaotumia ARV na ambao virusi vyao vimefubazwa, kuangalia usalama na mwitikio wa kinga. Kwa viwango vya zamani, haya ni maendeleo makubwa, na waliopigania yatokee, wakiwemo wanaharakati wenye VVU wenyewe, wanastahili sifa zao.

Sasa tupige hesabu. Hii ni mfano tu, si takwimu za jaribio lolote. Chukua watu 1,000 wenye VVU, nusu wachanjwe, uwafuatilie miaka mitatu. Tuseme kila mwaka mmoja katika kila 100 wa wasiochanjwa anaugua TB. Utapata wagonjwa kama 15 upande huo. Chanjo ikipunguza nusu, utapata 7 au 8 upande wa pili. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake inaweza kuileta au kuifuta. Na kwa kweli mmoja katika 100 ni makadirio ya juu kwa watu wanaomeza ARV vizuri na waliopewa tiba kinga ya TB. Kwa hiyo kundi la watu 1,000 litatuambia kama mkono unavimba, kama homa inapanda, kama virusi vinashtuka, na kama damu inaonyesha kinga imeamka. Kama watu hao wataugua TB kidogo kuliko wenzao, kundi hilo haliwezi kusema.

Kwa magonjwa mengine upungufu huu una njia ya mkato. Kwa homa ya ini aina ya B tunajua kiwango cha kingamwili kinacholinda. Ukimchanja mtu mwenye VVU na damu yake ikafika kiwango hicho, unaamini amelindwa; isipofika, unamwongezea dozi. Ndivyo ilivyojulikana kwamba wenye VVU wengi wanahitaji dozi kubwa zaidi au za ziada. Kwa TB hakuna kipimo cha namna hiyo. Hakuna mtu duniani leo anayeweza kuchukua damu yako baada ya chanjo na kusema huyu amekingwa. Chanjo nyingine ya TB, MVA85A, ilikuwa inaamsha seli za kinga vizuri tu kwenye maabara. Ilipojaribiwa kwa watoto wachanga karibu 2,800 Afrika Kusini, matokeo ya mwaka 2013 yakaonyesha haikuwaongezea kinga ya maana juu ya BCG. Ilijaribiwa pia kwa watu wazima 650 wenye VVU, Afrika Kusini na Senegal. Kinga iliamka tena kwenye vipimo, wagonjwa wakawa 6 upande wa chanjo kwa 9 upande wa pili, na hakuna aliyeweza kusema chochote kwa uhakika.

Ndiyo maana nasema hoja ya kwamba damu yao imeitikia vizuri, basi watakingwa kama wengine, ni hoja ya kukopa. Inakopa kutoka kwenye chanjo nyingine ambazo zina kipimo cha kinga, na TB haina cha kulipia deni hilo.

Hapa inafaa kukumbuka jambo lililotokea kwa chanjo ya nimonia, kwa sababu sioni mfano unaofundisha kuliko huo. Miaka ya 1990, huko Entebbe nchini Uganda, watu wazima 1,392 wenye VVU waliingizwa kwenye jaribio la chanjo ya bakteria wa nimonia, ile inayolenga aina 23 za bakteria hao. Ilikuwa chanjo inayotumika duniani na kupendekezwa kwa watu wenye VVU katika nchi tajiri. Kila mtu mwenye akili timamu angekisia kwamba itasaidia angalau kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: waliochanjwa waliugua nimonia zaidi kuliko wasiochanjwa, 40 kwa 21. (Ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha vifo vilikuwa pungufu kwa waliochanjwa, jambo ambalo halijaeleweka vizuri na ambalo linaongeza fumbo badala ya kulipunguza.) Miaka kumi baadaye, Blantyre nchini Malawi, chanjo ya muundo mwingine dhidi ya bakteria wale wale ilijaribiwa kwa watu 496 ambao wengi wao walikuwa na VVU, na ikazuia asilimia 74 ya marudio ya ugonjwa unaosababishwa na aina zilizomo kwenye chanjo.

Ugonjwa mmoja, watu wa hali moja, chanjo mbili: moja ikashindwa, nyingine ikafaulu vizuri. Hakuna aliyeyajua hayo kwa kusoma matokeo ya watu wasio na VVU. Yalijulikana kwa sababu watu walihesabiwa waliougua na wasiougua.

Na TB ina sababu zaidi ya nimonia za kutufanya tuwe na shaka. Bakteria wa TB hujificha ndani ya seli zile zile zinazotumwa kuwameza. Seli hizo zinahitaji amri kutoka kwa CD4 ili ziweze kuwaua au angalau kuwafungia. VVU huua CD4. Chanjo nyingi mpya za TB, M72 ikiwemo, kazi yake kubwa ni kuzifundisha CD4 hizo hizo. Kwa hiyo tunampa mafunzo askari ambaye tayari kikosi chake kimepungua, na hata ARV zikirudisha idadi, zile zilizokuwa na kumbukumbu ya TB si zote zinazorudi. ARV peke yake hupunguza hatari ya TB kwa takriban asilimia 65, jambo kubwa sana, lakini hata mwenye virusi vilivyofubazwa hubaki na hatari kubwa kuliko jirani yake asiye na VVU.

Inawezekana kabisa chanjo ikafanya kazi vizuri kwao. Inawezekana hata ikafanya kazi zaidi kwa faida halisi, maana mahali penye ugonjwa mwingi hata ufanisi mdogo huzuia wagonjwa wengi. Ninachokataa ni kukisia.

Kuna tahadhari moja ambayo ni ya haki na haipaswi kuchanganywa na ubaguzi. Chanjo zilizo hai ni suala lingine. BCG ni bakteria hai aliyedhoofishwa, na kwa watoto wachanga wenye VVU waliokuwa hawajaanza ARV ilijulikana kwamba anaweza kusambaa mwilini na kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto waliothibitika kuwa na VVU wasipewe BCG. Baadaye ushauri ukalegezwa kwa walioanza ARV na ambao kinga yao imetulia. MTBVAC, inayotokana na bakteria wa TB wa binadamu aliyedhoofishwa, na VPM1002, ambayo ni BCG iliyobadilishwa kijenetiki, zote ni chanjo hai. Zinajaribiwa kwa watoto wachanga katika nchi kadhaa za Afrika, wakiwemo watoto wa mama wenye VVU ambao wao wenyewe hawakuambukizwa. Kwa chanjo hizi kwenda hatua kwa hatua ni sawa kabisa. M72 haina kiumbe hai ndani yake: ni protini mbili za bakteria zilizounganishwa, pamoja na kichochezi cha kinga AS01, ambacho kimo pia kwenye chanjo ya mkanda wa jeshi iliyokwisha kujaribiwa kwa watu wenye VVU. Kutumia hofu ya chanjo hai kuelezea uchache wa wenye VVU katika jaribio la chanjo isiyo hai hakukubaliki.

Hoja ngumu zaidi dhidi yangu ni ya fedha na ukubwa, na siwezi kuipita haraka. Watafiti watasema: jaribio la ufanisi kwa wenye VVU peke yao linahitaji watu maelfu mengi, kwa sababu tunalazimika kimaadili kuwapa kila mshiriki ARV na tiba kinga ya TB, na vyote hivyo vinapunguza wagonjwa. Yaani kadiri tunavyowatunza vizuri ndivyo jaribio linavyohitaji kuwa kubwa. Hiyo ni kweli. Watasema pia kwamba kuitambua TB kwa mwenye VVU ni shida: makohozi yana bakteria wachache, ugonjwa mara nyingi uko nje ya mapafu, kwenye tezi, kwenye utando wa ubongo, na vipimo vya maambukizi yaliyolala, vile vya damu na vya ngozi, huwadanganya watu ambao kinga yao imeshuka. Nayo ni kweli.

Lakini tazama hoja hizo zinaelekea wapi. Zinasema kundi ambalo ni vigumu kulipima ndilo tuliache bila kulipima, wakati ndilo lenye hatari zaidi ya mara kumi ya kuugua. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2023 TB iliua watu milioni 1.25, na kati yao 161,000 walikuwa na VVU. Katika sehemu za kusini mwa Afrika zaidi ya nusu ya wagonjwa wapya wa TB wana VVU. Na DarDar, kwa fedha za kawaida za utafiti wa chuo kikuu, ilisajili watu 2,013, mara mbili ya kundi la VVU katika jaribio la kisasa la mamia ya mamilioni ya dola. Ugumu upo, ila ukubwa wa kundi la VVU ni uamuzi wa mtu aliyekaa mezani akagawa nafasi.

Zaidi ya hayo, wenye VVU si kundi moja. Anayechaguliwa kwenye majaribio mengi ni yule aliye kwenye ARV, virusi havionekani, CD4 ziko juu. Wanaokufa zaidi kwa TB ni wengine: aliyepimwa jana akakutwa na CD4 80, aliyeacha dawa miezi minane, mjamzito aliyegundulika kliniki. Mjamzito ndiye anayeondolewa kwenye orodha kwanza kila mara, kana kwamba TB humsubiri ajifungue. Sidai mtu wa CD4 80 achanjwe kwenye jaribio la kwanza. Nadai mpango uandikwe unaosema atafikiwa lini na kwa ushahidi gani, badala ya kuachwa hadi mtu fulani akumbuke.

Upo upande mwingine ambao wachambuzi wa maabara huusahau. Fikiria chanjo imefaulu, imeidhinishwa kwa vijana na watu wazima, na kwenye karatasi ya maelekezo pameandikwa kwamba kwa wenye VVU ufanisi haujathibitishwa. Wizara ya afya ifanye nini? Njia ya kwanza ni kuwachanja wote bila kuuliza, nayo itawapa wenye VVU imani ambayo haina msingi, na huenda wengine wakaona tiba kinga haina haja tena. Njia ya pili ni kuwaacha. Kuwaacha maana yake mtu aulizwe au apimwe VVU kwenye foleni ya chanjo. Foleni hizo huwa shuleni, uwanjani, kwenye ofisi ya kijiji. Atakayegeuzwa njia mbele ya majirani wakati wengine wanainua mikono ya shati amekwisha kutangazwa. Binti wa miaka kumi na saba aliyezaliwa na VVU na ambaye darasa zima halijui, atasema nini akirudi bila kuchomwa? Wengi hawatasubiri kuulizwa. Hawatafika kabisa, na watakaokimbia foleni si wenye VVU peke yao, ni pamoja na wasiojijua na wasiotaka kujijua. Pengo la utafiti linakuwa pengo la kampeni nzima.

Kwa hiyo tufanye nini, kwa kuwa usajili wa jaribio la M72 umekwisha na huwezi kurudisha saa nyuma?

La kwanza ni kuunganisha. Kila jaribio lina kundi lake dogo la wenye VVU, na kila moja lina namna yake ya kuhesabu TB. Wadhamini wangekubaliana fasili moja ya mgonjwa, vipimo vile vile vya makohozi, na kwa walio dhaifu kile cha mkojo, pamoja na muda ule ule wa ufuatiliaji, makundi hayo yangeweza kusomwa pamoja. Makubaliano hayo yafanywe kabla bahasha za matokeo hazijafunguliwa, maana baada ya hapo kila mmoja atatetea namba zake.

La pili, na hili ndilo ninaloliamini zaidi, ni kutumia usambazaji wenyewe kama jaribio. Hakuna nchi itakayopata dozi za kutosha siku ya kwanza. Vituo vya ARV vitaanza kwa zamu, vingine mwaka huu, vingine mwaka ujao. Zamu hiyo ikipangwa kwa kura badala ya kupangwa kwa ukaribu wa barabara ya lami au ushawishi wa mkubwa fulani, tutaweza kulinganisha TB kati ya vituo vilivyotangulia na vinavyosubiri, kwa makumi ya maelfu ya watu, wakiwemo wenye CD4 za chini na wajawazito ambao hakuna jaribio linalowataka. Kumbukumbu tayari zipo: kliniki za ARV humwuliza kila mteja kama anakohoa, anatoka jasho usiku, ana homa au amepungua uzito. Wanaosubiri hawanyimwi kitu ambacho wangekipata, kwa kuwa dozi hazipo.

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba unategemea kliniki hizo ziendelee kusimama. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha kisha ikakata sehemu kubwa ya fedha zake za afya nje ya nchi, na mitandao ya utafiti ya Afrika Kusini iliyobeba majaribio mengi ya TB na VVU ikayumba. Mteja asiyerudi kliniki haonekani kwenye kumbukumbu, na TB yake haihesabiwi popote. Serikali za nchi zenye TB nyingi zitalazimika kulipia sehemu ya hesabu hii zenyewe, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya jaribio jipya: karani wa takwimu, mashine za makohozi zinazofanya kazi, na itifaki iliyokwisha kupitishwa na kamati za maadili. Kupitisha itifaki hiyo huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Chanjo ikifika kabla haijapitishwa, vituo vitaanza kuchanja kwa mpangilio wowote ule, na nafasi ya kulinganisha itakuwa imepita.